Mwalimu anayeandika fantasia ya watoto: je, aache kazi asubiri tuzo?

*Swali:* "Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina miaka 41, nafundisha darasa la tano na la sita. Kwa miaka minne nimeandika riwaya ya fantasia ya watoto, kurasa 310 za daftari, kuhusu msichana anayefuata mto unaotiririka kurudi mlimani hadi anafika nchi ya watu waliouza vivuli vyao. Nimeipeleka kwa wachapishaji wawili. Wa kwanza hakunijibu. Wa pili alisema watoto wetu hawasomi fantasia, na kwamba kitabu chenye mizimu hakitaingia shuleni. Nimesoma habari za Philip Pullman, mwalimu wa Uingereza aliyeandika kitabu kimoja cha namna hii, akapata tuzo, akaacha kazi. Nami nafikiria kuacha kazi mwisho wa mwaka, nichukue mkopo wa SACCOS wa shilingi milioni sita, nichapishe mwenyewe nakala elfu moja, kisha nizipeleke kwenye tuzo. Mume wangu anasema nimechelewa, waandishi huanza wakiwa vijana. Je, ni kweli nimechelewa? Na mpango wangu una kasoro gani?"

*Jibu:*

Marahaba, mwalimu. Umeuliza maswali mawili, lakini nimeona la tatu limejificha katikati yake: kama kweli hadithi yako ina thamani, au wachapishaji wawili wameshatoa hukumu. Hilo la tatu ndilo linalokusukuma kwenye mkopo. Mtu aliyekataliwa hutamani kuthibitisha haraka, tena kwa gharama kubwa. Nitayajibu yote matatu, na kwa kuwa umemtaja Pullman, nitakaa naye kwa muda mrefu, maana maisha yake ya kazi yanafundisha karibu kinyume cha ulichosimuliwa.

La umri halina haja ya maneno mengi. Pullman alizaliwa Oktoba 1946 mjini Norwich. Northern Lights, kitabu kilichomfanya ajulikane dunia nzima, kilitoka mwaka 1995. Alikuwa na miaka 48. Hujachelewa. Ila mumeo naye hajakosea kabisa, kwa sababu Pullman hakuanza kuandika akiwa na miaka 48. Alianza akiwa kijana, na miaka yote ya katikati aliitumia kujifunza kazi yenyewe.

Hapo ndipo simulizi ya "kitabu kimoja" inapoanguka. Alimaliza Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1968 kwa shahada ya daraja la tatu. Riwaya yake ya kwanza, ya watu wazima, ilitoka mwaka 1972. Ilishinda kwa pamoja na nyingine tuzo ya mchapishaji mmoja kwa waandishi vijana, na haikubadilisha chochote. Leo hapendi hata kuizungumzia. Ya pili, nayo ya watu wazima, ilitoka 1978 ikapita kimya. Kitabu chake cha kwanza cha watoto, Count Karlstein, kilitoka 1982. Mwaka 1985 alianza mfululizo wa visa vya msichana yatima katika London ya karne ya 19, vitabu vinne ambavyo alivikamilisha 1994. Hesabu mwenyewe: tangu riwaya ya kwanza hadi kitabu kilichompa jina ni miaka 23. Katika muda huo alishapata tuzo akiwa kijana na akaona kuwa tuzo peke yake haimlishi mtu wala haimfundishi kuandika.

Wala hakuacha kazi kwa mkupuo mmoja. Alianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika shule za watoto wa miaka 9 hadi 13 mjini Oxford. Baadaye, vitabu vilipoanza kuingiza chochote, alitoka shuleni akawa mhadhiri wa muda katika Westminster College, chuo cha hapohapo Oxford kilichofundisha walimu, na akabaki huko hadi 1996. Mwaka huohuo alipokea Nishani ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto, kwa Northern Lights. Alitoka hatua kwa hatua, na kila hatua ilibebwa na vitabu ambavyo tayari vilikuwa dukani.

Sasa nataka tuzungumzie darasa, kwa sababu katika barua yako darasa limekaa kama kikwazo. Kwa Pullman lilikuwa karakana. Mwaka baada ya mwaka aliwasimulia wanafunzi wake Iliad na Odyssey, tenzi za Homer, kwa mdomo na bila kuwasomea kitabu. Msimuliaji asiye na kitabu mkononi huona macho ya watoto. Anajua ni sentensi ipi imewapoteza, wapi maelezo ya mandhari yamezidi, wapi akinyamaza kidogo darasa zima linashusha pumzi. Akirudia hadithi ileile kwa darasa jingine anapunguza hapa, anaongeza pale, na baada ya miaka kadhaa sauti ya msimulizi inakaa kooni. Ukisoma riwaya zake unaisikia: msimulizi anayejiamini, asiyewabembeleza watoto wala kuwafokea. Sauti ya namna hiyo haipatikani kwa kukaa peke yako mezani.

Zaidi ya hapo aliwaandikia wanafunzi michezo ya kuigiza. Count Karlstein ulianza kama mchezo wa shule, na The Firework-Maker's Daughter, kitabu kingine chake kilichopata tuzo, vilevile. Ukumbini walikaa watoto na wazazi wao pamoja, na mchezo ulipaswa kuwashika wote. Nadhani ndiyo sababu vitabu vyake vinasomwa na mtoto wa miaka 11 na mama yake pia.

Lakini nisikupambie. Pullman mwenyewe amesema hadharani kwamba uhuru aliokuwa nao darasani ulitoweka baadaye, mtaala na mitihani ilipobana. Wewe una darasa la watoto wengi kuliko wake, madaftari ya kusahihisha na maandalio ya kila somo. Darasa lako halitakuwa karakana kwa bahati. Ni lazima utenge mahali. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa, au klabu ya kusoma baada ya masomo, wasimulie watoto safari ya huyo msichana wa mto, sura moja kila wiki, bila daftari. Pale ambapo wewe mwenyewe unasahau kilichofuata, weka alama. Mara nyingi ukisahau, kisa hakina sababu ya kuwapo hapo.

Kuna jambo jingine kuhusu mali ghafi ya mwandishi, na hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Baba yake Pullman alikuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza, akafa katika ajali ya ndege nchini Kenya mwaka 1954, enzi za hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Mtoto alikuwa na miaka saba. Ukiangalia vitabu vyake utakutana mara kwa mara na watoto waliofiwa na baba, au waliofichwa ukweli kuhusu wazazi wao. Ilichukua miongo mitatu kabla ya jambo hilo kuwa hadithi. Nasema hivi kwa sababu miaka yako 41 ni ghala, na kijana wa miaka 22 hana ghala hilo.

Tuingie kwenye mswada wenyewe. Sijausoma, lakini sentensi moja uliyoandika inanitosha kukuuliza swali ambalo mhariri yeyote wa fantasia atauliza. Watu wa nchi ile waliuza vivuli vyao. Waliviuza kwa nani? Walilipwa nini? Mtu asiye na kivuli anapoteza nini katika maisha yake ya kila siku, sokoni, nyumbani, msibani?

Nakuuliza kwa sababu Pullman alikwama mahali hapohapo. Aliandika ufunguzi wa Northern Lights tena na tena na hadithi ikagoma kwenda, kwa kuwa Lyra, msichana wa kitabu, alikuwa peke yake chumbani bila wa kuzungumza naye. Ndipo ikamjia kwamba Lyra ana daimoni: roho yake mwenyewe, iliyo nje ya mwili, katika umbo la mnyama anayezungumza. Hadithi ikafunguka. Hata hivyo daimoni angeweza kubaki pambo tu, mnyama mzuri wa kuchora kwenye jalada. Kilichompa uzito ni ugunduzi wa pili: daimoni wa mtoto hubadilika umbo, mara nondo, mara paka, mara ndege, na mtoto akifika utu uzima daimoni hutulia katika umbo moja, halibadiliki tena. Kwa kanuni hiyo moja mwandishi akapata jambo zima la kusema kuhusu kukua: kile tunachokipoteza tunapoacha kuwa watoto, na kile tunachokipata. Na maadui wa hadithi wanapotaka kumtenganisha mtoto na daimoni wake, msomaji wa miaka kumi anatetemeka bila kuambiwa kwa nini.

Ndivyo fantasia inavyofanya kazi. Kitu cha kubuni kinasimama kwa sababu kina kanuni, na kanuni ile inagusa jambo ambalo mtoto analijua moyoni lakini hana namna ya kulitamka. Kwako kitu hicho ni kivuli. Kivuli cha asubuhi ni kirefu, cha adhuhuri kinajificha chini ya miguu, na usiku hakuna mwenye nacho. Je, nchi yako inazitumia tabia hizi? Je, mtoto huzaliwa akiwa na kivuli halafu wazazi wakakiuza kabla hajajua kusema hapana? Sikuandikii kitabu chako, mwalimu. Lakini kama maswali haya hayana majibu ndani ya zile kurasa 310, kazi bado ipo, na hakuna mtambo wa uchapaji utakaoifanya kwa niaba yako.

Mchapishaji aliyesema watoto wetu hawasomi fantasia amekosea, na amekosea akiwa katika nchi ya Shaaban Robert. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na wajumbe wake wanasafiri pande zote kutafuta sheria bora. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanageuzwa manyani, na ndugu yao analazimika kuwachapa kila usiku huku akilia. Vizazi vimesoma vitabu hivyo. Na aliyeviandika, mtu wa Tanga kama wewe, alikuwa karani na mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, idara ya forodha, idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya. Aliandika akiwa kazini. Watoto wa pwani wamekulia kwenye majini, mazimwi na visa vya Abunuwasi kabla ya kujua kusoma.

Ukitaka mifano ya nje iliyo karibu na wakati wetu, Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alichukua mila na maandishi ya kale ya Nsibidi akayafanya uti wa mgongo wa fantasia ya vijana. Kitabu chake cha kwanza kilipata Tuzo ya Wole Soyinka mwaka 2008, akiwa mwalimu wa chuo kikuu. Nahoko Uehashi wa Japani, aliyepewa Tuzo ya Hans Christian Andersen, ya kimataifa kwa waandishi wa watoto, mwaka 2014, ni mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa wenyeji wa asili wa Australia, na nchi anazobuni zina vyakula, miiko na ugomvi wa mipaka kama nchi za kweli. Wote wawili waliendelea kufundisha huku wakiandika.

Hata hivyo, ndani ya kosa la mchapishaji yule kuna ukweli ambao hakuueleza vizuri, nami nataka uuelewe ili usiuchukulie kama tusi. Wachapishaji wa Tanzania na Kenya wanaishi kwa soko la shule. Kitabu cha kiada au cha ziada kinahitaji ithibati kabla ya kuingia darasani. Tanzania vitabu vya kiada viko mikononi mwa Taasisi ya Elimu, Kenya ni taasisi ya mitaala, KICD, inayopitisha. Mchapishaji akiona mswada hauna njia ya kupita huko, anajua atauza dukani tu, na maduka ya vitabu ni machache. Sasa mletee mswada mrefu. Vitabu vingi vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto wa miaka 10 hadi 12 ni vyembamba, kwa sababu kila karatasi inaongeza bei ambayo mzazi hawezi kuilipa. Aliposema "hawasomi fantasia", inawezekana kabisa alimaanisha: siwezi kugharimia kurasa zote hizi bila uhakika wa shule.

Kuhusu mizimu, usiifute kwa woga. Pullman naye alipingwa vikali, kwake kwa sababu ya namna alivyoiandika taasisi ya dini. Mwaka 2008 trilojia yake, yaani vitabu vitatu vinavyoanza na Northern Lights, ilishika nafasi ya pili katika orodha ya chama cha maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopigiwa kelele zaidi viondolewe. Aliweza kusimama kwa sababu wachapishaji wake walikuwa na nguvu. Mchapishaji mdogo wa hapa akipoteza oda ya shule ameumia kwelikweli. Kwa hiyo mpe msaada: andika barua ya ukurasa mmoja ieleze mizimu ya kitabu chako inafanya nini katika hadithi na mtoto anabaki na nini baada ya kusoma. Mwalimu wa darasa la tano akiandika barua hiyo ina uzito kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Sasa tuzo, kwa kuwa mpango wako wote umeegemea hapo. Nishani ya Carnegie, iliyoanza 1936, huamuliwa na wakutubi. Kwa miaka mingi mshindi hakupata fedha taslimu. Pauni 5,000 ziliongezwa kuanzia mwaka 2000, kutokana na wasia wa mhasibu mmoja aliyependa vitabu vya watoto. Pullman alipoipokea 1996, thamani yake ilikuwa heshima na msukumo: maktaba zilinunua, walimu wakasoma, wachapishaji wa nchi nyingine wakasikia. Na msukumo ule ulikuta rafu yenye vitabu vyake vya nyuma, ndiyo maana ulimfaa. Januari 2002, The Amber Spyglass, kitabu cha tatu cha trilojia ile, kilipata tuzo kuu ya Whitbread ya Uingereza, kitabu cha kwanza cha watoto kushinda vitabu vya watu wazima katika tuzo hiyo. Mwaka 2005 akapata Tuzo ya Astrid Lindgren ya Uswidi, ya fasihi ya watoto, iliyogawanywa kati yake na mchoraji Ryōji Arai wa Japani. Hii ya mwisho mwandishi haombi. Hupendekezwa na taasisi, na hutazama kazi zote za mtu, miaka yote.

Kwetu kuna milango tofauti, na hapa mpango wako una kasoro kubwa kuliko zote. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kundi la hadithi za watoto, na inataka miswada ambayo haijachapishwa. Ukichapa zile nakala elfu moja, unaweza kuwa umejifungia mlango huo kwa mkono wako na kwa fedha za mkopo. Soma masharti ya mwaka unaotaka kushiriki, mstari kwa mstari, kabla hujachapa hata nakala moja. Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, nayo imekuwa ikipokea miswada. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Kenya ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Tuzo ya Nyabola, ya hadithi za Kiswahili za sayansi na fantasia, imewalenga vijana wa miaka 18 hadi 35, na hiyo kweli imekupita.

Mkopo. Mkopo wa SACCOS ya watumishi kwa kawaida hukatwa kwenye mshahara, na wadhamini wako ni wanachama wenzako, yaani walimu unaokaa nao ofisi moja. Ukiacha kazi mwisho wa mwaka, mshahara haupo, na deni linawageukia wao. Sidhani umelitazama upande huo. Na hesabu ya upande wa pili ni hii: tuseme mchapishaji anakulipa mrabaha wa asilimia 10 na kitabu kinauzwa shilingi 10,000. Unapata 1,000 kwa nakala. Nakala 2,000, ambazo ni mauzo mazuri kwa kitabu cha hadithi, zinakupa milioni mbili, pengine kwa miaka miwili. Ukichapa mwenyewe faida kwa kila nakala ni kubwa zaidi, lakini kusafirisha, kugawa, kukopesha maduka na kufuatilia malipo ni juu yako, na nakala elfu moja zinajaza sebule.

Usidhani Uingereza ni tofauti sana. Uchunguzi wa ALCS, jumuiya inayokusanya malipo ya hakimiliki ya waandishi wa huko, ulionyesha kwamba mapato ya wastani ya mwandishi ambaye kuandika ndiyo kazi yake kuu yalikuwa pauni 12,330 kwa mwaka 2006, na yameshuka hadi 7,000 mwaka 2022. Pullman, aliyekuwa rais wa chama cha waandishi cha Uingereza kuanzia 2013 hadi 2022, alijiuzulu ulezi wa tamasha la vitabu la Oxford mwaka 2016 kwa sababu waandishi waalikwa hawakulipwa. Tajiri wa fani aliwatetea wenzake kwa kuwa alijua wengi wao wanaishi vipi.

Kwa hiyo ushauri wangu: usiache kazi mwisho wa mwaka huu, na usichukue mkopo huo. Siyo kwa sababu kitabu chako ni kidogo. Ni kwa sababu kitabu hiki kinahitaji mwaka mwingine wa kusimuliwa na kupunguzwa, na mshahara ndio utakaokinunulia mwaka huo. Pullman alishikilia desturi ya kuandika kurasa tatu kwa siku, kwa mkono. Wewe anza na ukurasa mmoja, kabla ya familia kuamka au baada ya kulala, lakini usiruke siku. Ukiona kabisa kwamba kazi na kitabu haviendi pamoja, uliza kwanza kwa mwajiri kuhusu likizo bila malipo. Ina gharama, lakini mlango wa kurudi unabaki wazi.

Kuchapisha mwenyewe sikukatazi moja kwa moja. Kuna maana kama tayari una wanunuzi unaowajua: shule tano zilizokuahidi kwa maandishi, kundi la wazazi, mwenye duka anayelipa kwa wakati. Hapo anza na nakala mia moja za uchapaji wa dijitali, kwa akiba yako, na baada ya kuwa tuzo za miswada zimekwisha kukujibu.

Kuna mambo ambayo hayaamuliwi kwa barua. Siku utakapoletewa mkataba, usiusaini ofisini kwa mchapishaji. Upeleke kwa wakili, ana kwa ana, hata kama utalipa ada ya saa moja. Mwulize kama mrabaha unahesabiwa kwenye bei ya jalada au kwenye mapato baada ya makato, maana tofauti ni kubwa. Kama unatoa haki za tafsiri, filamu na sauti. Na kama haki zinarudi kwako kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena. Pullman aliona kitabu chake kikiwa filamu mwaka 2007, miaka 12 baada ya kutoka, kisha tamthilia ya televisheni kuanzia 2019. Anayesaini leo hajui kitabu chake kitaombwa na nani baada ya muda huo. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, itakuelekeza jinsi ya kusajili kazi. Nenda pia maktaba ya mkoa hapo Tanga, ukae na mkutubi wa sehemu ya watoto, umwulize ni vitabu gani vinachakaa kwa kuazimwa. Na kabla ya yote hayo, kaa na mumeo mkiwa na taarifa ya akiba yako ya SACCOS mezani, mzungumze kwa namba. Inawezekana neno "umechelewa" ni hofu ya deni iliyokosa jina.

Ukimaliza kupunguza mswada, chapa kwa kompyuta sura tatu za mwanzo, muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleza hadithi hadi mwisho wake bila kuficha siri, na ile barua kuhusu mizimu. Kwenye barua taja kwamba umeisimulia kwa darasa zima na useme watoto walidai nini kirudiwe. Peleka kwa wachapishaji watatu ambao tayari wana vitabu vya hadithi vya watoto, weka kumbukumbu ya tarehe, na baada ya miezi mitatu piga simu kuulizia. Simu hiyo ni haki yako, na wahariri wengi hufungua bahasha siku wanapoulizwa.